Ramadhani Tanga kwa familia isiyofunga

Sisi ni Wakristo wa Njombe; kazi ya mume wangu ndiyo iliyotuleta Tanga. Tumepanga Ngamiani, kwenye zile barabara za namba, na majirani zetu karibu wote ni Waislamu. Mwezi wa Shaabani, unaotangulia Ramadhani, ukielekea ukingoni, marafiki wa bara waliohamishiwa huku huniuliza: mchana tutakula wapi, watoto tuwaambieje, tukialikwa kufuturu twende? Nendeni. Ukijifungia ndani mwezi mzima kwa kuogopa kukosea, majirani utawajulia wapi?

Anza na sahani. Jioni, kabla ya adhana ya magharibi, mtoto wa jirani atabisha hodi na bakuli lililofunikwa kawa. Ndani mna magimbi au mihogo ya nazi, tambi, pengine kaimati zinazong'aa kwa shira. Pokea, shukuru, na chombo kisirudi kitupu. Si lazima kirudi siku ileile. Mimi hupeleka tende, tikiti au chapati za moto, vitu visivyomtia mtu wasiwasi. Nikipika kuku, namwomba kijana wa Kiislamu anichinjie, na ninapopeleka namtaja aliyechinja. Usipomtaja, jirani mwenye adabu hatauliza. Atapokea kwa tabasamu, kisha chakula kilale bila kuliwa. Na sufuria iliyowahi kupikia kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, isiguse chakula cha jirani kabisa. Hili nalisisitiza kwa sababu ni la imani yake, na anakuamini bila kukukagua.

Ukialikwa, wahi. Huku jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu, na hakuna anayependa kumsubiri mgeni adhana ikishalia. Kwa majirani zetu hufungua kwa tende na uji wa pilipili manga, huenda kuswali magharibi, ndipo mkeka hujaa. Wakiswali wewe tulia tu. Hakuna atakayekulazimisha lolote. Mara nyingi wanawake hukaa kwao na wanaume kwao, basi msishangae mkitenganishwa mlangoni.

Mchana mama lishe wengi wa mtaani kwetu hawawashi moto, kwa hiyo mume wangu huenda kazini na chakula chake na kukila ndani, faragha. Nyumbani mnakula kama kawaida. Tunachowakataza watoto ni kutembea barabarani wakinyonya barafu au kutafuna mihogo mbele ya wenzao wenye kiu. Na mahitaji ya jikoni nunua asubuhi. Alasiri Soko la Mgandini hujaa watu wanaotafuta nazi na magimbi, na bei hupanda.

Mtoto wako akitaka kufunga na rafiki zake, usimcheke wala usimkatalie papo hapo. Wetu tulimwambia afike adhuhuri, ale, apumzike. Mama wa rafiki yake ndiye aliyenishauri hivyo, maana hata wao huwazoesha wadogo kidogo kidogo.

Jambo moja naomba ulishike sana: ukimwona mwanamke wa Kiislamu anakunywa maji mchana, usimuulize kwa nini hajafunga. Mgonjwa, msafiri, mjamzito, anayenyonyesha na aliye katika siku zake wote wana ruhusa katika dini yao, na wengi watazilipa siku hizo baadaye. Swali lako linamlazimisha kueleza mwili wake hadharani.

Mwaka 2025 Jumatano ya Majivu iliangukia Machi 5, Ramadhani ikiwa na siku chache tu. Barazani bibi wa nyumba ya pili aliniuliza, "Mwanangu, na nyie mnajinyima nini?" Nikamweleza kuhusu nyama, sala na sadaka. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Basi tuombeane." Tangu hapo huniuliza habari za kanisani kama anavyouliza habari za wanangu.

Idd el Fitr hutegemea kuandama kwa mwezi, kwa hiyo usikate tiketi ya basi kwa tarehe uliyoikisia. Bakini mjini. Asubuhi watoto watapita nyumba kwa nyumba na nguo mpya kuomba sikukuu, na kwako watafika pia, wanakujua. Siku mbili kabla tafuta sarafu za mia mbili na mia tano, kwa sababu mkesha wa Idd hata muuza duka hana chenji.