Maswali Yenu: Joki Akianguka na Kichwa Kikatikisika

SWALI: Wahariri, nawasalimu. Mimi ni saisi, mtunza farasi. Joki wetu, yaani mpanda farasi wa mbio, alirushwa na farasi mbio ya tatu, akainuka mwenyewe, akajipangusa vumbi na kudai apande tena mbio ya tano. Hakuzimia hata kidogo. Mkufunzi alimkatalia, na tangu hapo hawasemeshani. Nani alikuwa na haki?

JIBU: Mkufunzi, bila shaka yoyote. Wengi wanaopata mtikisiko wa ubongo, yaani ubongo kuumia kwa kutikiswa na pigo, hawazimii. Tena dalili nyingine huchelewa: mtu anaongea vizuri saa saba mchana, jioni kichwa kinamgonga na mwanga unamuumiza macho. Kumwuliza joki kama yu mzima hakusaidii, maana kiungo kinachotakiwa kujibu ndicho kilichoumia.

Mwangalieni. Je, alilala chini bila kusogea? Anayumba? Ameduwaa? Anauliza jambo lile lile mara mbili? Kisha mwulizeni: Tuko uwanja gani? Hii ni mbio ya ngapi? Ulipanda farasi gani? Nani alishinda mbio iliyotangulia? Akikosea moja tu, siku yake ya mbio imekwisha. Akipatia yote na bado mna wasiwasi, siku yake imekwisha vilevile.

Daktari wa uwanja ana kipimo kirefu zaidi cha mtikisiko kwa wanamichezo, kiitwacho SCAT6. Husoma maneno 10 mara tatu ili mgonjwa ayarudie, humtaka ataje miezi kinyumenyume, na humsimamisha kwa mguu mmoja, macho yamefumbwa, mikono kiunoni, kwa sekunde 20. Baada ya dakika 5 au zaidi humwuliza tena yale maneno 10. Kazi hiyo inataka dakika 10 hadi 15 na chumba kitulivu. Haifanyiki mlangoni pa chumba cha mizani, majoki wanapopimiwa uzito, huku watu wakipiga kelele.

Akiwa bado chini, msimwinue wala msimvue helmeti, isipokuwa pumzi imeziba. Mmoja amshike kichwa kwa mikono miwili kisigeuke, maana shingo nayo huenda imeumia. Maumivu ya shingo, ganzi au udhaifu wa mikono na miguu, kuona vitu viwili viwili, kutapika, degedege, usingizi usio wa kawaida au kichwa kinachozidi kuuma: hospitali mara moja.

Aliyeruhusiwa kwenda nyumbani asiachwe peke yake, hasa saa 3 za mwanzo. Anaweza kulala, mradi yupo wa kumwangalia. Asinywe pombe, asiendeshe gari, na aepuke aspirini na ibuprofeni mpaka daktari aruhusu, kwa sababu zinaweza kuzidisha damu ikiwa inavuja ndani.

SWALI: Nilipimwa kumbukumbu na uwezo wa kusimama bila kuyumba mwanzoni mwa msimu ili matokeo yatumike nikianguka. Siku hiyo nilikuwa nimetoka kujikausha kwenye chumba cha mvuke nipunguze uzito. Kuna shida?

JIBU: Ipo, na ni kubwa. Mwili uliokauka maji huleta kizunguzungu, uchovu na kichwa kuuma, yaani dalili zile zile za mtikisiko. Alama zako za siku hiyo huenda zilikuwa za chini. Ukianguka kesho na ubongo ukaumia, alama zako mbovu zitafanana na zile za mwanzo, nawe utaonekana mzima. Omba upimwe upya siku ambayo umelala vya kutosha, umekula, umekunywa maji, wala hujajitoa jasho.

Na baada ya kuanguka, usijikaushe hata kidogo. Tunajua hofu ya uzito kupanda wakati wa mapumziko huwafanya majoki wengi wafiche dalili. Ndiyo maana mpango wa chakula na uzito wa kurudia mbio upangwe na daktari na mkufunzi tangu wiki ya kwanza.

SWALI: Mimi sipandi mgongoni, naendesha kigari cha mbio cha magurudumu mawili kinachovutwa na farasi. Nilipinduliwa gurudumu liliponaswa na la mwenzangu. Nirudi lini?

JIBU: Swali la kwanza si lini, ni kwa hatua zipi. Saa 24 hadi 48 za mwanzo pumzika, lakini usijifungie gizani: tembea kidogo, fanya kazi nyepesi za nyumbani, punguza simu na televisheni. Kisha baiskeli ya mazoezi, mapigo ya moyo yasizidi asilimia 55 ya upeo wako. Ukivumilia, asilimia 70. Upeo hukadiriwa kwa 220 kutoa umri, hivyo mwenye miaka 30 ataanza na mapigo kama 105 kwa dakika, kisha 133.

Hatua ya tatu ni mazoezi ya kazi yako yasiyo na hatari ya kugonga kichwa: kuvuta hatamu za mashine, mazoezi ya mgongo na shingo. Joki hapa hutumia farasi wa mashine. Halafu simama, upate ruhusa ya daktari, kwa sababu kuanzia hapo kuna mnyama hai. Hatua ya nne, farasi mtulivu, peke yenu, uwanja mtupu. Ya tano, mazoezi pamoja na vigari vingine kwa mwendo wa mbio. Ya sita ndiyo mbio.

Kila hatua ichukue angalau saa 24. Dalili zikizidi katika hatua tatu za kwanza, simama ujaribu tena kesho yake; zikirudi kuanzia hatua ya nne, rudi hatua ya tatu. Watu wazima wengi hupona ndani ya wiki mbili. Zikipita wiki nne, tafuta daktari bingwa. Ukirudi mapema, mikono yako inachelewa, na farasi wa mbele akivunja mwendo na kuingia shoti, yaani kukimbia kwa kuruka, ghafla utawaangusha na walio nyuma yako. Pigo la pili kabla ya kupona, ingawa ni nadra, linaweza kuvimbisha ubongo na kuua, hasa vijana.

SWALI: Helmeti haina ufa. Niendelee nayo?

JIBU: Hapana, ikiwa iligonga. Povu gumu la ndani hufyonza pigo kwa kubonyea, na likishabonyea halirudi, hata kama ganda la nje linang'aa. Helmeti huzuia fuvu kupasuka kuliko inavyozuia ubongo kutikisika. Unapochagua mpya, ivae bila kufunga mkanda, inama, utikise kichwa: ikiteleza, ni kubwa.