Shangazi Anajibu: Karo ya Binti na Kamari ya Mjomba

"Shangazi, nauza samaki wa kukaanga kando ya barabara ya Gulu, hapa Bombo, Uganda. Mdogo wangu, mwenye miaka 23, anaendesha bodaboda na anachopata kinaishia kwenye kamari ya mpira. Mwaka huu nimemlipia madeni mara nne, mara mbili kwa sababu mama hakuacha kunipigia simu. Mara ya mwisho nilitoa karo ya binti yangu, naye akarudishwa kutoka shule saa nne asubuhi, akanikuta nageuza samaki, akakaa juu ya ndoo na mkoba wake mgongoni bila kuuliza lolote. Sasa anataka nimdhamini akope tena. Mama anasema nikikataa nimekata undugu, nami nikisujudu naona moyo umejaa chuki. Je, Mungu anapokea wema wa namna hii?" Aliyechoka, Bombo.

Dada yangu,

Kilichonishika katika barua yako si madeni, bali ni pale uliposimulia kwamba binti yako alirudishwa kutoka shule saa nne asubuhi, akakukuta unageuza samaki, akakaa juu ya ndoo na mkoba wake mgongoni bila kuuliza lolote. Wewe ulitoa pesa, lakini aliyelipa ni yeye, na hakuna aliyemwomba ridhaa.

Katika Suratul Baqara, aya ya 219, Mtume anaulizwa kuhusu ulevi na kamari, na jibu ni kwamba humo mna dhambi kubwa na manufaa kwa watu, ila dhambi yake imeyazidi manufaa. Ndani ya aya hiyohiyo wanauliza watoe nini, wanajibiwa: kilichozidi. Karo haikuzidi, wala mtaji wa samaki wa kesho haukuzidi. Iko pia hadithi aliyoipokea Bukhari kutoka kwa Anas, inayotuamuru tumnusuru ndugu yetu, awe amedhulumiwa au anadhulumu. Na masahaba waliposhangaa watamnusuruje anayedhulumu, waliambiwa wamzuie. Mdogo wako anamdhulumu binti yako, pengine bila kukusudia, nawe umekuwa ukimpa nyenzo.

Kwa hiyo chuki unayoiona ukiwa umesujudu siihesabu kuwa ugumu wa moyo. Ni hasira ya mtu anayetoa asichoridhia, na naona kwamba mara mbili kati ya zile nne hukumlipia mdogo wako hata kidogo, ulilipa ili mama aache kupiga simu. Sikulaumu, mimi pia nililelewa na sauti ya namna hiyo.

Usimdhamini. Akishindwa kulipa, wenye mkopo watakuja kusimama mbele ya jiko lako. Lakini usimkatalie kwa simu, wala usiku akija na machozi: mwite mchana, mbele ya mama na mjomba mmoja anayemheshimu, umtajie kile ulicholipa kila mara, kimoja kimoja, bila matusi. Mwambie sahani yake ipo kila jioni, na pikipiki ikiharibika mtakwenda pamoja kwa fundi, umlipe fundi mwenyewe ikiwa kuna kilichozidi; pesa mkononi, hapana. Mkumbushe pia kwamba sheria ya mwaka 2016 haimruhusu mtu wa chini ya miaka 25 kucheza kamari nchini Uganda, kwa hiyo duka linalompokea linavunja sheria, na mwenyekiti wa LC, yaani baraza la mtaa, anaweza kuelezwa.

Atanuna. Huenda Idi ikapita asije kwako, na hilo litakuuma, sitakudanganya.

Kwa mama yako, aya na hadithi nilizokuandikia ni za kukutuliza wewe, si za kumpigia yeye. Nahisi hujamwambia kwamba mjukuu wake alirudishwa kutoka shule, kwa kuwa uliona aibu. Nenda jioni, wakati ametulia, umsimulie habari ya mtoto aliyekaa juu ya ndoo, kabla hujamwita mdogo wako.