Sola ya Pamoja katika Nyumba ya Kupanga: Anzeni na Mita

Mpangaji wa chumba kimoja au viwili katika nyumba ya Kiswahili hapa Tabora, umeme unapomkatikia jioni, hufikiria haraka jenereta dogo la petroli, lenye kelele, moshi na gharama ya mafuta isiyokwisha, au taa ndogo ya sola, ambayo inamulika na kuchaji simu lakini haiwezi kuwasha televisheni. Mimi nawashauri wapangaji wa nyumba moja wanunue mtambo mmoja wa sola na kuutumia kwa pamoja. Tumefanya hivyo katika nyumba ninayoishi, huku Ng'ambo, tukiwa familia nne chini ya paa moja, na nimejionea kwamba unafuu wa mtambo wa namna hiyo hutegemea zaidi kupima matumizi ya kila familia peke yake kuliko ukubwa wa paneli.

Aliyewahi kuchangia LUKU moja na wenzake atanielewa. Mmoja anapiga pasi kila asubuhi, mwingine ana balbu mbili tu, na wote wanatoa mchango ulio sawa. Tena tangu mwaka 2021 kodi ya majengo, ambayo kwa haki ni ya mwenye nyumba, hukatwa humo humo, na anayeiona ikikatwa ni yule aliyekwenda kununua umeme. Utaratibu huo ukihamishiwa kwenye betri huleta ugomvi mkubwa zaidi, kwa sababu uniti za LUKU zikiisha unanunua nyingine usiku huo huo, lakini betri ikiisha saa nne za usiku mtasubiri jua.

Kwa hiyo, kabla ya kwenda dukani, kaeni uani na kalamu, kila familia iandike vifaa vyake, wati zake na saa za kuvitumia. Balbu tatu za wati 7 zikiwaka saa tano hutumia wati-saa 105, yaani wati zote mara saa za kuwaka. Televisheni ya wati 40 kwa saa nne hutumia 160. Simu mbili na redio ndogo huongeza kama 35. Jumla ni wati-saa 300 kwa familia, yaani 1,200 kwa familia nne. Paneli za wati 400, tukichukulia saa tano za jua kali kwa siku na kuondoa robo inayopotea kwenye joto, waya na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama ule wa ukutani), hutoa kama wati-saa 1,500, na ziada hiyo ndogo ndiyo akiba ya siku za mawingu. Pasi, hita ya maji na jiko la umeme visiingie kabisa katika hesabu hii, kwani pasi moja ya wati 1,000 ikiwashwa kwa dakika 20 inameza umeme unaozidi kiwango cha siku nzima cha familia moja.

Baada ya hesabu, kila familia ipate waya wake kutoka kwenye inveta, sakiti breka yake ndogo, yaani swichi inayojikata yenyewe umeme unapozidi, na mita ndogo ya kusoma matumizi. Mita hizo ni bei rahisi zikilinganishwa na betri, ingawa mafundi wengi watakwambia hazina haja, na hapo nawasihi msiwasikilize. Kwetu kuna mama anayeuza barafu na juisi, na friji lake lingeweza kuwamaliza wenzake wote. Kwa kuwa matumizi yake yanasomeka, tulikubaliana awashe friji hilo kwa sola kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri, wakati ambao paneli zina nguvu na vyumba vingine havitumii kitu, na alipie zaidi kwa kila uniti. Bila mita, jambo hilo lingebaki kuwa manung'uniko ya kila jioni. Fedha tunazikabidhi kwa kijumbe, kama katika upatu, na daftari lake linawekwa mahali ambapo kila mmoja anaweza kulisoma.

Lengo lisiwe kuachana na TANESCO. Mkitaka mtambo utakaobeba kila kitu kwa siku zote, gharama itawashinda kabla hamjaanza. Mkitaka mtambo wa kuwavusha katika saa za giza, mtaumudu, na inveta inayokubali kuchaji betri kwa umeme wa gridi itawasaidia katika wiki za mvua. Ila pawepo swichi ya kubadilishia inayotenganisha kabisa njia hizi mbili, kwa sababu umeme wa inveta ukirudi kwenye nyaya za mtaani unaweza kumuua fundi anayeamini kuwa laini imezimwa. Kazi hiyo apewe fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, hata kama kuna kijana wa jirani anayejitolea kuifanya kwa nusu ya bei.

Kuhusu betri, ya madini ya risasi ni nafuu dukani, lakini ikizoea kushushwa chini ya nusu hufa mapema, kwa hiyo betri ya volti 12 na ampea-saa 200, ambazo zikizidishwa ni wati-saa 2,400, inawapa nusu tu, yaani wati-saa 1,200 za kutumia bila akiba yoyote. Ya lithiamu yenye ukubwa huo inawapa karibu 2,000, na hudumu miaka mingi zaidi. Kwa familia moja bei yake inatisha. Ikigawanywa kwa nne inaanza kuzungumzika. Iwekeni ukumbini, mbali na joto la dari, ambalo mwezi wa Oktoba huwa kali mno.

Paneli zielekezwe kaskazini, zikiinama kidogo ili maji na vumbi viteremke, na kiangazi zifutwe alfajiri kwa kitambaa chenye maji matupu. Mji wetu una miembe mingi, na kivuli cha tawi moja kinapoangukia kona ya paneli hupunguza umeme wa paneli nzima. Chunguzeni paa asubuhi, mchana na jioni kabla ya kutoboa bati.

Kibali cha mwenye nyumba kiwe cha maandishi, kikieleza kwamba mtambo ni mali ya wapangaji, nani atagharamia bati likivuja, na kwamba kodi ya chumba haitapandishwa kwa sababu ya sola mliyonunua wenyewe. Mwenyekiti wa mtaa ashuhudie. Andikeni pia habari ya anayehama. Sisi tuliamua kwamba anayeondoka hauzi kifaa chochote, bali hisa yake, kwa thamani inayopungua kila mwaka, na anayeingia katika chumba chake ndiye mwenye haki ya kwanza ya kuinunua. Akikataa, wanaobaki huinunua kwa awamu, na waya wa chumba hicho hufungwa kwenye breka hadi apatikane mwingine.