Ukiwa mtu wa zamani, lipia mwenyewe

Nakiri mapema: mimi ni mtu wa zamani. Mezani nasubiri mkubwa aanze, shati nachomekea hata Jumapili jioni, na nikisikia mtoto anamsalimia bibi yake "mambo", mate yananikauka. Kwa hiyo ninayoyaandika hapa yanatoka kwa mtu aliyekwishajikwaa, tena zaidi ya mara moja.

Mwaka jana ndani ya daladala, tukitoka Tabata, nilimwomba konda apunguze singeli. Wimbo ulikwenda mbio kama unakimbizwa, na maneno yake siwezi kuyaandika hapa. Konda akanitazama kwa huruma kabisa. "Mzee wangu, si ungepanda bajaji?" Gari zima likacheka. Aliyecheka kuliko wote ni mama mmoja wa makamo, kanga mbili, kikapu cha dagaa mapajani, ambaye muda wote alikuwa anaufuatisha wimbo ule neno kwa neno. Nilishuka kituo kimoja kabla ya changu. Siku hizi nikitaka kimya napanda bajaji, na nauli yake inanikumbusha kwamba kimya Dar es Salaam ni bidhaa kama bidhaa nyingine.

Wazee wenzangu dawa yao ni moja tu: serikali ipige marufuku. Jamani, si tulishajaribu? Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia tarehe 1 Januari 1969 vimini, mawigi, suruali za kubana na dawa za kuchubua ngozi vingekuwa mwiko. Hata tarehe yenyewe haijafika, wasichana walishaanza kukimbizwa mitaani Kariakoo kwa sababu ya magauni yao. Shangazi yangu alikuwa binti mbichi wakati huo. Wigi lake alilificha ndani ya debe la unga. Leo ndiye kinara wa ukoo kwa kukemea nguo za wajukuu, na siku za harusi anakemea akiwa na wigi kichwani. Ukipita Mtaa wa Kongo utayaona mawigi yamepangwa kama vitunguu, na mkorogo haujaenda kokote. Mimi vimini sivipendi mpaka leo. Lakini mgambo mwenye mkasi wa kukata nguo za watu simpendi kuliko hata hivyo vimini.

Kuhusu siasa nitasema kwa kifupi. Watu wananuna kwamba wanamuziki wameingia bungeni: Sugu mwaka 2010 kwa Mbeya Mjini, Profesa Jay 2015 kwa Mikumi, MwanaFA 2020 kwa Muheza. Mimi sinuni. Katiba inataka mbunge ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na mtu anayepanga vina amevuka hapo kwa mbali. Tena anayeomba kura kwa jina lake mwenyewe ni mkweli kuliko yule anayekodi msanii amkusanyie watu. Nimewahi kwenda mkutano wa kampeni Mwembe Yanga nikiwa nimebeba swali langu kuhusu mitaro. Wasanii wakatumbuiza, mabinti wakakata viuno, kisha mgombea akapanda jukwaani kutuhutubia kuhusu maadili ya vijana. Wakati huo vijana wenyewe walikuwa wameshaondoka. Swali langu nilirudi nalo nyumbani.

Sasa nije kwenye lililoniuma, sendofu ya binti yangu.

Kamati ilikaa, bajeti ikasoma milioni 28. Ukumbi, MC, mapambo, keki ya ghorofa, ndafu, sare za kamati. Nikasimama nikatoa hotuba. Nilizungumzia staha, nilizungumzia wazazi wetu waliooana kwa pilau na ngoma, nikamalizia na mfano wa ndege mbuni. Walinisikiliza kwa adabu zote. Nilipokaa, mke wangu akaniuliza taratibu, "Baba Neema, kwa hiyo wewe unatoa shilingi ngapi?"

Hotuba ikafia hapo. Nikaona kama nina msimamo, niubebe kwa mfuko wangu. Nikamwambia Neema: sherehe ifanyike uani kwetu, pilau nalipa mimi, turubai nalipa mimi, na kadi ya mchango isimfikie mtu yeyote. "Baba, una uhakika?" akaniuliza. Nikasema ninao. Mabati ya nyumba yangu ya Chanika yaliliwa siku ile, pamoja na kachumbari.

Ilipendeza, sitadanganya. Watu wakala, wakazungumza wakasikilizana. Tatizo lilianza wiki iliyofuata. Jirani yangu, ambaye wanawe wawili niliwachangia, akaacha kunijibu salamu. Nikamtuma mke wangu aulizie. Jibu lilikuja: "Baba Neema ametuona sisi maskini. Sisi tulikula kwake mkononi, yeye kwetu hataki hata kadi moja." Baadaye nikasikia hivyo hivyo kutoka kwa shemeji, na kutoka kwa mzee mmoja wa jumuiya yetu.

Ndipo nikaelewa nilichofanya. Miaka yote nilidhani mchango ni upuuzi wa kisasa wa kumbi na MC. Kumbe ukumbi ndio mgeni. Mchango ni mzee kuliko mimi. Ni mkopo wa heshima unaozunguka mtaa mzima, leo kwako kesho kwangu, na mimi mtetezi wa mila ndiye niliyeukata. Vijana wa kamati, na keki yao ya ghorofa, walikuwa wanaushikilia.

Kwa hiyo ukiwa mtu wa zamani na una binti, punguza ukumbi, punguza ndafu, mnyime MC kipaza sauti baada ya saa nne usiku. Kadi zigawe. Hata za elfu kumi kumi. Mwache jirani akulipe.

Mwezi uliopita jirani yule alituma mtoto na kadi: anamwoza kitinda mimba wake. Wawili, shilingi 100,000. Sikusubiri kukumbushwa, nililipa siku ile ile, na yeye mwenyewe akanipigia simu, "Shikamoo mzee, nimeipata." Meza yetu ilikuwa ya mbele kabisa, ubavuni mwa spika.