Mchezaji mwenye asili ya Moroko akishachezea Hispania, Moroko ndiyo basi?

Si lazima, kaka. Mwangalie Munir El Haddadi, mshambuliaji mwenye asili ya Moroko. Septemba 2014 Hispania walimwingiza dhidi ya Masedonia, mechi ya kufuzu Euro, dakika kama 13 za mwisho tu, akiwa na miaka 19. Hizo dakika zikamfunga miaka sita! Mwaka 2018 alifika mpaka mahakama ya michezo akitaka kwenda Kombe la Dunia na Moroko, akagonga mwamba. FIFA walipolegeza kanuni 2020 ndipo akapenya: mechi za timu ya wakubwa, za mashindano na za kirafiki, zisizidi tatu, zote kabla ya kutimiza miaka 21, miaka mitatu iwe imepita, na asiwe amecheza fainali za Kombe la Dunia wala za bara. Lamine Yamal, nyota wa Hispania mwenye asili ya Moroko, alishacheza fainali za Euro 2024, huyo msahauni.