Tulisema ni jua

Dodoma, Nkuhungu

Mwanangu mpendwa,

Jumapili uliponipigia simu uliniuliza swali, nami nikanyamaza mpaka ukaanza kuita "haloo, haloo" ukidhani mtandao umekata. Haukukata. Ulisema mjukuu wangu amechaguliwa kwenye timu ya watoto ya mtaani kwenu, mazoezi yanaanza mwezi ujao, na mama yako amekataa katakata. Ukaniuliza: "Baba, nimruhusu acheze, au nimzuie kwa sababu ya mdogo wangu?"

Nimeona niandike. Kwenye simu ningelia, nawe ungenionea huruma na kubadilisha mazungumzo, na ninalopaswa kukwambia lingebaki tena kifuani. Limekaa humo miaka mitatu. Soma ukiwa umekaa, mama, na watoto wakiwa wamelala.

Nianze na siku yenyewe aliyotutoka mdogo wako, maana hukuwepo. Ulikuwa chuoni Dar, ukafika kesho yake usiku ukakuta turubai limeshafungwa na wanawake wamejaa kwenye mikeka, na tangu hapo hakuna aliyekusimulia sawasawa. Kila mtu alikwambia "ilikuwa ghafla". Ni kweli, ila si yote.

Ilikuwa Jumamosi ya Septemba 2018. Mwezi wa tisa wa hapa unaujua, upepo na vumbi jekundu mpaka kwenye sufuria. Walianza saa kumi jioni, kwenye ule uwanja nyuma ya shule. Mimi nilikuwa nimekalia ndoo ya rangi karibu na goli, mahali pangu pa siku zote. Kiberenge wetu (jina alilopewa na wenzangu wa genge la reli tangu ana miaka mitano, kwa kuwa alikuwa hapungui mwendo kwenye kona) alikuwa amevaa fulana yake ya Yanga ndani ya jezi ya timu, na alipopita mbele yangu aliifunua kidogo nione. Alijua baba yake ni Simba. Huo ndio ulikuwa utani wetu wa mwisho.

Kipindi cha kwanza kikielekea ukingoni alipokea mpira upande wa kulia, akamwacha beki, akapiga krosi, mwenzake akaumalizia kwa kichwa. Watoto wote wakamkimbilia mfungaji. Mimi nilikuwa bado namtazama aliyepiga krosi. Alitembea hatua mbili tatu akirudi, kisha akaenda chini kifudifudi, bila kuguswa na mtu. Hakutanguliza mikono. Mtu akijikwaa hutanguliza mikono, hata akiwa amelewa. Yake ilibaki ubavuni.

Miguu ilikuwa ikitikisika, mmoja akasema ni kifafa, mwingine akakimbilia kutafuta kijiko. Tukammwagia maji. Tukampepea kwa jezi. Kila baada ya muda alikuwa akivuta pumzi moja ya kukoroma, nami nikawa napiga kelele, "Anapumua! Yu hai!" Tukampakia kwenye bajaji, kichwa chake mapajani mwangu, na njia nzima nilikuwa nahesabu zile pumzi. Tulipofika hazikuwepo tena.

Sasa nikwambie nilichokuja kukijua baadaye. Zile hazikuwa pumzi za mtu aliye hai vizuri. Moyo ukisimama ghafla, mtu anaweza kuendelea kukoroma kwa dakika kadhaa, na viungo vikatikisika kama vya mwenye kifafa. Alichohitaji ni kulazwa chali, mtu aweke viganja viwili katikati ya kifua, kimoja juu ya kingine, akandamize kwa nguvu, kina cha sentimita 5 hivi, mara 100 hadi 120 kwa dakika, akichoka apokewe na mwingine, mpaka apatikane mtaalamu. Sisemi angepona. Nasema tulikuwa watu wazima wengi pale, wote tunampenda, na hakuna aliyemgusa kifua.

Hilo nililijua kupitia televisheni. Tarehe 12 Juni 2021, Denmark na Finland wanacheza Copenhagen, Christian Eriksen akaanguka karibu na mstari wa pembeni kabla ya mapumziko. Hakuguswa na mtu. Mama yako aliinuka akatoka nje. Mimi nilibaki nimeganda kwenye kochi. Wenzake walimzunguka wakageuza migongo kumsitiri, madaktari wakamkandamiza kifua, wakamshtua moyo kwa mashine, na kijana akaamka. Februari mwaka uliofuata alikuwa anacheza tena Uingereza, ana kifaa kimepandikizwa kifuani. Kabla ya hapo niliwajua waliokufa tu. Nilimkumbuka Marc-Vivien Foé wa Cameroon, aliyeanguka pale Lyon mwaka 2003, na yule kijana wa timu ya vijana ya Mbao aliyefia uwanjani Kaitaba, Bukoba, Desemba 2016, muda mfupi baada ya kufunga bao. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba anayeanguka hivyo ameshaitwa. Usiku ule sikulala, mwanangu.

Na si kwamba hatukuonyeshwa mapema. Alizimia mara mbili kabla. Mara ya kwanza alikuwa darasa la saba, kwenye mbio za mita 800 za UMITASHUMTA. Mara ya pili kidato cha pili, mazoezini. Mara zote mbili tulisema ni jua. Mwalimu alisema jua, mimi nikasema jua na kwamba hakunywa uji asubuhi, mama yako akamkorogea maji ya glukosi, jioni akala ugali wa uwele na mlenda kama kawaida, tukalala. Dodoma jua lipo kila siku, halikosi wa kulibebesha lawama.

Lakini mimi nimefanya kazi juani miaka ishirini na sita, nikibadilisha mataruma na kushindilia kokoto. Nimeona wanaume wakizidiwa na jua. Kichwa kinauma kwanza, wanatapika, wanalegea, wanajikokota kutafuta kivuli. Ndugu yako hakulegea. Alizimika kama taa, katikati ya mbio, kisha baada ya nusu dakika akafumbua macho na kuuliza nani ameshinda. Tofauti hiyo niliijua kwa macho yangu mwenyewe. Kazini ningemwambia nyapara, "Huyu si jua." Kwa mwanangu sikusema.

Tena kuna baba yako mdogo wa Mvumi, ambaye humkumbuki. Alidondoka akichimba kisima mwaka 1994, akiwa na miaka 29. Ukoo ulisema amerogwa kwa wivu wa kile kisima. Kiberenge alipokufa wakasema yale yale, safari hii ni timu pinzani. Nisikufiche, na mimi niliyumba. Kwa miezi sita sikuitikia salamu ya jirani yetu, yule ambaye mwanaye alipewa namba ya mdogo wako. Nilikwenda kumwomba radhi baadaye. Alinikaribisha chai, hakunitaka nieleze.

Hospitalini daktari alituomba ruhusa ya kuuchunguza mwili kujua chanzo. Wazee wakasema mtoto asipasuliwe, ametaabika inatosha. Nikaitikia. Nilikuwa nimechoka na nilitaka kumzika tu. Kwa hiyo sina karatasi inayosema mdogo wako alikufa na nini, na hilo linaniuma kuliko unavyodhani, kwa sababu karatasi hiyo ilikuwa yako wewe na watoto wako.

Ndipo mwaka 2022 nikaenda mwenyewe, pale Hospitali ya Benjamin Mkapa, jirani na UDOM. Nilimweleza daktari habari ya kisima na ya krosi. Alinisikiliza bila kuangalia saa. Wakanipima umeme wa moyo, kisha wakanipaka yale mafuta ya baridi kifuani wakanipima kwa mashine kama ile ya wajawazito. Ukuta wa moyo wangu umenenepa kuliko inavyotakiwa. Ni ugonjwa wa msuli wa moyo, hutembea kwenye damu ya ukoo, na ndio huo aliokutwa nao Foé alipochunguzwa. Daktari aliniambia hauko mbali na watu kama tunavyofikiri, katika kila watu 500 yupo mmoja hivi. Wengine wanazeeka nao bila kuujua, kama mimi ambaye nimebeba vyuma maisha yangu yote. Wengine unawachukua mapema.

Nami ndiye niliyempa mdogo wako, ikiwa ndio uliomuua, na daktari anaamini hivyo.

Hili ndilo nililokuficha. Ulikuwa mjamzito wa yule binti, nikasema ngoja ajifungue. Ukajifungua, nikasema ngoja mtoto akue kidogo. Baada ya hapo haikuwa sababu tena, ilikuwa aibu. Niliogopa siku utakaponitazama na kumwona aliyemuua mdogo wako. Vidonge vya kutuliza mapigo ya moyo ninavyokunywa kila asubuhi, vile ulivyoviona Krismasi, nilikwambia ni vya presha. Nisamehe, mama.

Sasa swali lako. Mtoto wa mwenye ugonjwa huu nafasi yake ni nusu kwa nusu, kama mwamuzi anavyorusha sarafu katikati ya uwanja, na kila mtoto anarushiwa yake. Ya kwako ilisharushwa siku nyingi na hakuna aliyekwenda kuitazama ilivyoangukia. Kwa hiyo usimruhusu mtoto wiki hii, wala usimwambie hatacheza. Mwambie asubiri kidogo. Mkapimwe, na uanze wewe. Nenda Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, pale Muhimbili, na usiseme umekuja kupima afya tu. Sema hivi: mdogo wangu alikufa ghafla uwanjani akiwa na miaka 16, alishazimia akikimbia mara mbili, na baba yangu ana ugonjwa wa kunenepa msuli wa moyo. Majibu yangu nitakuja nayo. Wakupime umeme wa moyo na ile picha ya moyo, wewe na watoto wote wawili. Yule wa kike pia, hata kama hautaki mpira. Baba yako mdogo hakuwa na mpira, alikuwa na sururu.

Hapo ndipo mimi na mama yako tunapopishana. Yeye anasema mpira ndio uliomchukua mwanawe, na kila akisikia filimbi ya refa kule uwanjani anafunga dirisha. Simlaumu. Mbio zinaweza kuuchokoza moyo wa namna hiyo, daktari hakunificha. Lakini mtoto akizuiwa mpira bila kupimwa atakimbilia daladala, atapanda ngazi, atacheza rede na wenzake, na moyo utakuwa ni ule ule, haujulikani.

Na wakisema mtoto hana kitu, usitupe kadi yake. Ugonjwa huu unaweza kujitokeza mtoto anapobalehe, kwa hiyo atarudi kupimwa kila watakapokwambia. Wakisema anao, basi atazuiwa mbio na watakaojua ni za kiasi gani, na atanuna, na wewe utavumilia. Nimejiuliza mara nyingi kama ningejua ningempokonya mdogo wako zile njumu. Ningempokonya. Angenichukia, angekaa kwenye ile ndoo ya rangi amevimba mashavu akiwatazama wenzake. Mwaka huu angekuwa na miaka 23.

Wewe ndiye uliyemfundisha kufunga mpira wa soksi na nailoni, unakumbuka, ukiukaza kwa kamba ya katani mpaka unadunda kidogo. Alikuwa anaupiga ukutani kwa mguu wa kushoto, mia kila jioni, anahesabu kwa sauti, akikosea anaanza upya na mama yako anagomba kwa ajili ya plasta. Alama zile bado zipo ukutani. Fundi alipokuja kupaka rangi mwaka jana nilimwambia ule upande auache.

Jambo moja kuhusu kocha wa mtoto. Kabla ya kumkabidhi, muulize, mtoto akianguka hapa bila kuguswa mtafanya nini? Akikujibu maji, muonyeshe viganja viwili katikati ya kifua. Hapa kwetu muuguzi wa zahanati amekuja mara tatu kutufundisha, tunakandamiza gunia la pumba, wazee kwa vijana. Yule jirani yangu anaweza kuliko wote.

Nimekata tiketi ya treni ya SGR ya Jumatano asubuhi. Alhamisi nitakwenda nawe Muhimbili, tukae kwenye foleni pamoja. Ukiwa na hasira na mimi, kasirika, ila tuende.

Mama yako anajua ninachokuandikia. Jana alizitoa njumu za mdogo wako kwenye sanduku, akazipaka mafuta, akazichomeka magazeti ndani zisipoteze umbo, akazirudisha. Hakusema kitu, wala mimi sikumuuliza.

Ni mimi baba yako