Mleta mada, vile vifaa vya zamani vitoke kabisa nyumbani kwako

Usivirudishe masikioni vile vya zamani. Umeandika kwamba leo ni siku ya 5 tangu upewe vifaa vipya vya kusaidia kusikia, kwamba vinatoa sauti ya bati, kwamba havina nguvu kama vile ulivyovitumia kwa miaka 12, na kwamba umeamua kuvivaa kazini tu kisha ukifika nyumbani uvae vya zamani upumzike, huku ukingojea miadi ya Jumatatu ili aliyekuuzia akupunguzie ukali. Umeuliza pia kama uvirudishe kabla kipindi cha majaribio hakijaisha. Kuvaa kwa zamu na kuomba kupunguziwa ukali ndiyo mambo mawili yaliyonipotezea mwaka mmoja na miezi minne ya maisha yangu, na nimeshindwa kupita uzi huu kimya nikikuona unaelekea palepale.

Mimi nilivaa vifaa vya zamani kwa miaka 14. Vilikuwa vya aina ile inayokuza kila sauti kwa kiwango kimoja: ikiwa mnong'ono unaongezewa desibeli 30 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), basi na mlango unaobamizwa nao unaongezewa desibeli 30, mpaka kifaa kifike mwisho wa uwezo wake. Ubongo wangu ulizoea kwamba huko ndiko kusikia. Vifaa vya sasa vinafanya kazi kwa namna nyingine. Hugawa sauti katika mafungu, kuanzia nene hadi nyembamba, hukuza kila fungu kwa kadiri sikio lako lilivyopungukiwa katika fungu hilo, na ndani ya kila fungu hukuza sana sauti hafifu na kugusa kidogo tu zile kubwa. Kwa hiyo mtu anayezungumza nawe kwa sauti kubwa akiwa karibu utamwona kama amepungua nguvu, na wakati huohuo karatasi inayokunjwa, bomba linalodondosha maji na kisigino cha kiatu sakafuni vitakuingia kichwani kama sindano. Malalamiko yako yote mawili, la bati na la udhaifu, yanatoka katika chanzo hicho kimoja, na mtu asiye na tatizo la masikio anavisikia vitu hivyo kila siku bila kuvijali kwa sababu ubongo wake umekwisha kuamua kwamba havina maana. Wako bado haujapewa nafasi ya kuamua.

Sasa nisikilize jinsi nilivyojiharibia. Katika miadi yangu ya kwanza aliyeniuzia aliniuliza nini kinanikera, nikamwambia ukali. Akabonyeza kompyuta yake mara mbili tatu, ukali ukapungua, nikaondoka nikimshukuru. Wiki iliyofuata nikarudi kwa sababu ya vijiko na sahani, akapunguza. Nikarudi kwa sababu ya sauti ya watoto wakicheza, akapunguza. Nilirudi kwake mara tano, na kila mara nilitoka pale nimeridhika, nikiwa nimeacha mezani kwake kipande kingine cha maneno ya watu. Hilo ndilo ambalo hakuna aliyeniambia: ukali ule niliokuwa nikiukimbia ndimo zinamokaa s, sh, f, th, t na k. Irabu zetu ni nene na zina nguvu, nazo utazisikia hata kwa kifaa kibovu, lakini konsonanti hizo ni hafifu, na sehemu kubwa ya nguvu zake iko juu ya hezi 2000 (hezi ni kipimo cha wembamba wa sauti), huku s ikipanda hata kupita hezi 4000. Ziondoe, kisha mtu akuambie fika, pika au shika. Utakachobaki nacho ni "i" na "a", na kazi ya kubahatisha.

Ubaya wake ni kwamba hutajua kuwa unabahatisha. Wakati huo nilikuwa ninapokea maagizo ya mizigo ghalani. Msimamizi wangu alisimama mlangoni akaniagiza makasha tisini, nami nikaandika sitini, wala sikumwomba arudie, kwa kuwa nilikuwa nimesikia neno zima, wazi, bila shaka yoyote. Sikio lililopokonywa sauti nyembamba halikuachii pengo ulione; ubongo huchukua neno lililo karibu, ukalijaza pale na kukukabidhi kama ndilo lililotamkwa. Gari liliondoka likiwa na upungufu wa makasha 30, mteja akaukataa mzigo wote, na mimi nikahamishiwa kazi ya kuhesabu makaratasi katika chumba ambamo hakuna anayezungumza na mtu. Nilisema mbele ya wote kwamba msimamizi hakutamka vizuri. Hilo bado linanisumbua, kwa sababu alitamka vizuri kabisa.

Na muda wote huo nyumbani nilikuwa ninavaa vile vya zamani, kama unavyotaka kufanya wewe. Aliyeniuzia ndiye aliyenishauri: nianze na saa moja kwa siku, niongeze nitakapojisikia. Labda maneno hayo yanamfaa mtu ambaye hajawahi kuvaa kifaa chochote na ambaye mchana wa kwanza utamchosha, ingawa hata huyo anapaswa kuongeza kila siku na si atakapojisikia. Kwangu mimi, niliyekuwa na vifaa vingine mfukoni vya kukimbilia, yalikuwa ruhusa ya kutozoea kamwe. Kila jioni nilikuwa ninafuta kile ubongo ulichojifunza mchana.

Nina hasira na mtu yule hadi leo, na sababu nitaisema. Alikuwa na njia ya kujua kama vifaa vimewekwa sawasawa, na hakuitumia hata siku moja. Kompyuta inapoonyesha kwamba kifaa kinatoa kiasi fulani cha sauti, inakadiria kwa sikio la wastani. Njia ya sikio lako inaweza kuwa pana au finyu kuliko hiyo, na mpangilio uleule ukafika kwenye ngoma ya sikio ukiwa mdogo au mkubwa kuliko ulivyoonekana kwenye skrini. Kipimo cha kuhakikisha kipo: mrija mwembamba laini hupitishwa sikioni pembeni mwa kifaa hadi karibu na ngoma, huchezwa sauti ya mtu anayezungumza, na mtaalamu huona sauti inayofika humo ndani akailinganisha na ile iliyopaswa kufika kwa upungufu wako. Ni jambo la dakika chache. Yeye alitumia malalamiko yangu badala ya kipimo, na ninaamini alifanya hivyo kwa kuwa mteja aliyetulizwa harudishi kifaa kabla kipindi cha majaribio hakijaisha. Changu kiliisha nikiwa nimetulia kabisa.

Mtaalamu wa pili, niliyepelekwa kwake na mke wangu karibu kwa nguvu, aliviunganisha vifaa na kompyuta kabla hajaniuliza swali lolote. Vifaa hivi huhifadhi kumbukumbu ya saa vilizofanya kazi. Vyangu vilisema wastani wa saa 1 na dakika 40 kwa siku, na sikuwa na la kujibu. Kisha akaweka mrija. Kuanzia hezi 2000 kwenda juu, mstari wa nilichokuwa ninapata ulikuwa chini ya mstari wa nilichohitaji kwa desibeli 15 hadi 20. Tulikubaliana aurudishe ukali kwa awamu tatu ndani ya wiki sita, nami nivae tangu kuamka hadi kulala, nikivitoa kwa kuoga na kulala tu, na vile vya zamani nimkabidhi mke wangu avifiche mahali nisipopajua. Siku nne za kwanza nilikuwa ninachoka kabla jua halijazama, kichwa kikiuma. Siku ya 9 nilitambua kwamba sijaisikia friji tangu asubuhi, ingawa ilikuwa ikinguruma kama kawaida. Wiki ya tatu sahani zikawa sahani. Katika wiki ya saba tulikuwa garini, mjukuu wangu akauliza kutoka kiti cha nyuma kama tumefika, nikamjibu kwamba bado kidogo, bila kugeuka kutazama midomo yake. Mama yake alinitazama muda mrefu bila kusema kitu.

Kwa hiyo, kabla hujavaa vifaa vipya peke yake kwa siku 30 mfululizo, kutwa nzima, usiombe kupunguziwa chochote kwa sababu tu kinakukera, na ikibidi kubadilisha, kibadilishwe mbele ya kipimo cha mrija. Ninatenga kero na maumivu. Sauti ya ghafla ikikuumiza sikio, njia ya sikio ikifanya kidonda, au kifaa kikipiga mluzi kila unapotafuna, usingoje hata hiyo Jumatatu. Lakini mweleze mtaalamu kwamba kinachoumiza ni sauti kubwa, ili ashushe kikomo cha juu peke yake na kuziacha zile nyembamba hafifu mahali pake. Na ikiwa sauti yako mwenyewe inakurudia kama uko ndani ya pipa, hilo hutokana na sikio kuzibwa, nalo hutatuliwa kwa tundu la hewa au kofia ya mpira ya aina nyingine. Kupunguza ukali hakutasaidia hata kidogo. Usikivu ukishuka ghafla katika sikio moja, achana na muuzaji na umwone daktari siku hiyohiyo. Na ule mshale wa kupunguza ukali ulio ndani ya programu ya simu usiuguse, maana ungekuwa umemhamishia yule muuzaji wangu mfukoni mwako.

Kuhusu kuvirudisha: siku 5 za kuvaa kwa zamu hazikupi haki ya kuvihukumu. Miadi ya Jumatatu usiifute. Nenda uombe kipimo cha mrija, na uombe kwa maandishi kwamba siku za majaribio zianze kuhesabiwa baada ya kipimo hicho. Akikuambia kwamba hana mrija au kwamba hauna umuhimu, hapo una sababu nzito ya kudai virudishwe, na ya kutafuta mtu mwingine.

Usiku wa leo, ukiwa umevaa vifaa vipya, mwombe mtu wa nyumbani asimame nyuma yako hatua tatu, asome polepole kwa sauti ya kawaida na kwa mpangilio anaoujua yeye: sitini, tisini, fika, pika, shika, saba, haba, thamani, samani. Wewe andika unachosikia, bila kumwomba arudie hata pale usipokuwa na hakika. Weka tarehe juu ya karatasi, na Jumatatu umwekee mtaalamu mezani kabla hajakuuliza kinachokukera.